Mashina Tisa ya Kunde Pori

Jumatatu, 5 Mei
Nimepanda kilima tena. Goti linauma. Kunde pori zipo, mashina tisa, maganda bado mabichi. Wiki tatu ndipo mbegu zikomae. Bosi mkoani anasema hajui zinakoota kwingine. Nimefunga utepe mwekundu kila shina, wakata kuni wasiguse. Mzee Masanja, mfugaji aliyenionyesha mimea hii, ndiye aliyenishikia utepe. Njia nzima nilijisifu.

Ijumaa, 9 Mei
Mvua. Ripoti. Hakuna jipya.

Jumatano, 14 Mei
Kilima kimevamiwa. Wachimbaji, sururu, maturubai, hadi mama lishe. Mashimo tisa, kila moja palepale penye utepe. Nikamuuliza mmoja kwa nini hapo. Hata sururu hakuiweka chini. "Mama, wenye vipimo walishaweka alama. Sisi tunafuata tu."
Walidhani ni alama za dhahabu. Alama zangu! Hakuna shina lililobaki.

Jumapili, 18 Mei
Dhahabu hawakupata. Wamehama, mashimo wametuachia. Ng'ombe wawili wametumbukia, wamekufa. Kijiji kinamtafuta aliyewaita wachimbaji. Wanamtaja Mzee Masanja, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akishinda kule. Upuuzi mtupu.

Alhamisi, 22 Mei
Mkutano wa sungusungu, walinzi wa kijiji. Mzee amekana. Wakaniuliza mimi, bibi misitu, kama najua lolote. Nikasema sijui. Ningesema kweli, kibarua kingeota nyasi. Mzee alikuwa amekaa mbele yangu, anajua utepe ni wa nani. Hakunitaja.
Wamemtenga. Hakuna kumsalimu, hakuna kupokea kitu mkononi mwake, mpaka waamue vingine. Mimi ni mwoga. Basi.

Jumamosi, 24 Mei
Sijala. Mara mbili nimetoka kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mara mbili nimeishia dukani, nikanunua sabuni nisiyoihitaji.

Jumanne, 27 Mei
Asubuhi nimemkuta Mzee Masanja kisimani, peke yake. Akaweka kifurushi cha gazeti juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua kadhaa, nisije nikavunja amri kwa ajili yake.
"Lilibaki shina la kumi korongoni, mama, lisilo na utepe. Hawakuliona. Zimekauka vizuri."
Akachukua ndoo yake, akaondoka. Nilisubiri apotee ndipo nikafungua. Mbegu kumi na moja, nyeusi, ngumu. Zimekomaa.
Shikamoo sikumpa. Asante pia sikusema.