Bibi Hukaa na Wapinzani

12 Machi

Mke mwenzangu,

Hujambo? Masomo yanakwendaje? Mimi mzima, isipokuwa goti. Daktari amelifunga bandeji nene, kasema nisipande ngazi mpaka mwezi ujao.

Hapo ndipo ninapokuhitaji. Jumamosi ijayo timu yangu inacheza huko kwenye mji wa shule yako. Unajua desturi yangu: tangu nilipoinunua timu hii siketi kwenye viti vya wakubwa. Hujifunga kitambaa kichwani, nikakaa katikati ya mashabiki wa wapinzani, nikasikiliza. Watu wetu hunisifu kwa sababu wananipenda. Mpinzani hana sababu ya kunidanganya.

Yupo mfanyabiashara anayetaka nimuuzie timu. Kabla sijamjibu, nataka kujua wapinzani wanasemaje. Mwombe mwalimu wako wa michezo akupeleke. Kaa nao, kisha uniandikie.

Bibi yako


21 Machi

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu. Mimi sijambo, na mtihani wa hesabu nimefaulu.

Nilikwenda na mwalimu. Tulifungwa tatu bila, kama ulivyosikia redioni. Hata hivyo, mashabiki wao walisema timu yako ina nidhamu na kipa ni hodari. Bwana mmoja alikutaja kwa heshima.

Kwa maoni yangu usiuze, Bibi. Nikimaliza shule nitakuja kukusaidia, na siku moja, ukipenda, nitaiendesha mimi. Jambo hili sijamwambia mtu mwingine.

Mjukuu wako


25 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Goti linakusalimu, bado limenuna.

Barua yako ni nzuri, hata nukta zimekaa mahali pake. Lakini nilikutuma uwanjani, sikukutuma unifariji. Tangu lini shabiki akamsifu kipa aliyefungwa matatu?

Mimi nilikuwa fundi cherehani, nikiishonea timu hii jezi. Nilipokuwa mwanamke wa kwanza kumiliki timu ya ligi kuu, watu walisema nitawavalisha wachezaji magauni. Kwenye kikao changu cha kwanza cha wenye timu, bwana mmoja aliniagiza chai. Nikamletea, kisha nikavuta kiti, nikakaa karibu naye, nikamuuliza kama sukari inatosha. Matusi nimeyala nikashiba, hayajaniua. Niandikie walichosema.

Bibi yako


29 Machi

Bibi,

Shikamoo. Pole na goti. Naandika bwenini, wenzangu wako bwaloni.

Hawakukutukana. Hilo ndilo nililoshindwa kuandika. Nilisubiri matusi, hayakuja. Baada ya bao la pili walianza kuzungumza mambo yao, mmoja akauliza bei ya mabati. Kipa wetu alipoanguka walisema, "Masikini, mwinueni." Mama aliyekaa mbele yangu akasema, "Hii si ndiyo timu ya yule bibi? Zamani tukicheza nao mimi silali." Mumewe akamjibu, "Bibi wa watu kachoka. Wangemwambia apumzike tu."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Bado nakuomba usiuze. Lakini hayo ndiyo waliyosema.

Mjukuu wako


16 Aprili

Mke mwenzangu,

Marahaba, na usidhani nilinuna. Nilikuwa na shughuli za kukabidhi.

Nimeuza. Barua yako niliisoma na kuirudia mpaka chai ikapoa. Timu inayotukanwa bado inaogopwa. Inayohurumiwa, mwenyewe amebaki nayo kwa mazoea. Vijana wanahitaji mtu mwenye njaa, na yule mfanyabiashara anayo, ingawa ana maringo ya jogoo. Nahodha alilia, akasingizia vumbi.

Najua nimeuza na ndoto yako. Ningeweza kukuwekea. Lakini mimi sikuirithi timu, na wale waliorithi, niliokuwa nao vikaoni, walikuwa wakisinzia. Ulijua ukweli huo utakugharimu, ukauandika. Mtu wa namna hiyo hangoji kuachiwa kitu.

Sasa usinihurumie na wewe.

Bibi yako


7 Mei

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Huku sote wazima.

Nilikasirika, sitaficha. Barua yako niliiweka chini ya godoro na sikutaka kuijibu. Kisha nikamwendea mwalimu wa michezo nikamwomba mpira. Akasema mipira yote ni ya wavulana. Nikamwomba uliotoboka. Huo akanipa, na fundi baiskeli wa pale langoni akauziba.

Tuko wasichana kumi na mmoja, ukimhesabu mmoja anayeukimbia mpira kila ukimjia. Wavulana wanatuita Vyungu. Tumelikubali jina mpaka tupate jingine.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunacheza na shule ya jirani. Tutafungwa, Bibi, hilo nalijua. Njoo hata hivyo.

Mjukuu wako