Ngitili Isilimwe

Kambini, jangwa la Chalbi,
Kaskazini mwa Kenya

Baba yangu, shikamoo. Salamu za mama umfikishie kabla hujaendelea kusoma, maana najua amesimama nyuma ya kiti chako anauliza nimeandika nini. Mimi ni mzima. Jua la huku limenibabua pua na midomo imepasuka, lakini nakula, nalala, na kazi inakwenda. Goti lako je? Kwenye simu ulisema limepona, ila nakujua. Wewe hata ukilazwa hospitali Sengerema utasema umekwenda kusalimia wauguzi.

Nimeandika kwa sababu ulichoniuliza si cha simu. Simu yenu mnaweka spika, nyumba nzima inasikiliza, na kaka Masanja anajibu kabla sijamaliza. Dereva wetu anakwenda Nairobi, ataikabidhi barua hii kwenye basi la Mwanza, na shangazi ataipokea stendi ya Buzuruga.

Umetaka kujua, kabla ya kikao cha ukoo, ninaonaje kuhusu ngitili yetu. Tuendelee kuifunga masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi, au tumwachie Masanja ang'oe miti alime alizeti, kwa kuwa anasema ni pori tupu limekaa bure. Baba, sikutegemea kuulizwa. Binti kuulizwa habari za ardhi ya ukoo, nani amesikia? Nilifurahi mpaka nikatoka nje ya hema nikatembea kidogo.

Sasa ngoja nikueleze kilichotokea huku, ndipo utaelewa jibu langu.

Kazi yetu ni kuchora ramani ya kinachoota jangwani. Setelaiti inapiga picha kutoka juu, kompyuta inazipaka rangi: hapa migunga, hapa vichaka vifupi, hapa nyasi za msimu, hapa ardhi tupu. Halafu sisi tunakwenda kwa miguu kuhakikisha kama kompyuta inasema kweli. Tunatandaza kamba chini na kuandika kila mmea unaoguswa na kamba, hata uliokauka. Juzi juzi tulifika kwenye uwanda ambao kompyuta ilikuwa imeupaka kijivu wote, yaani ardhi tupu. Na kwa macho kweli ulikuwa mawe na vumbi. Mkuu wetu wa msafara, mtu mwema lakini mwenye haraka zake, akasema, "Kabula, hapa hakuna cha kupima. Andika tupu, twende."

Nikamwomba asubiri. Kuna jambo lilikuwa linanisumbua. Kisima hakikuwa mbali, na njiani tulipishana na mbuzi na ngamia wengi wakienda kunywa, lakini pale uwandani sikuona kinyesi kibichi hata kimoja. Kilichokuwapo kilikuwa cha zamani, kimeshakuwa cheupe. Nikapiga magoti, nikachokonoa kati ya mawe. Mashina ya nyasi yalikuwapo, mafupi, makavu juu, mizizi imeshika. Mifugo ina njaa na bado inapitishwa kando. Mtoto wa Msukuma aambiwe nini zaidi?

Nikamfuata mama mmoja aliyekuwa ananywesha ngamia kisimani, nikamsalimia, nikamuuliza kwa nini mifugo haiingii kule. Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini watu hawapiki mbegu ya kupanda.

"Kule tumefunga," akasema. "Mvua ikija, nyasi zitaota. Hatuingii mpaka zikomae, na mifugo inayonyonyesha ndiyo itaanza."

Nilikuona wewe umesimama na fimbo mpakani mwa ngitili, unawafukuza ng'ombe wako mwenyewe.

Mkuu alibisha. Akasema ramani haina rangi ya mahali palipofungwa, na yeye hachori mila za watu. Nikamwambia, "Sikuombi uchore mila. Chora nyasi. Njoo uzione." Nilimbana mpaka akapiga magoti na suruali yake safi. Tulitandaza kamba mpaka jua likazama, na uwanda ule sasa umeandikwa nyasi za msimu. Sikulegea, kwa sababu ramani hii inakwenda kwa wakubwa wanaogawa ardhi, na mahali pakishaandikwa tupu, anayewahi kupaomba anapewa. Yule mama wa kisimani angeamka siku moja akute uzio.

Basi jibu langu ndilo hilo. Ngitili yetu si tupu, isilimwe. Kwenye kikao usiseme labda, sema hapana, na wakiuliza umeshauriwa na nani, nitaje kwa jina.

Ila Masanja naye tusimfanye adui. Watoto wanaongezeka, shamba lake ni lile lile, na hakuna anayemwambia alime wapi. Hilo nimeliwaza sana.

Nisalimie shangazi, aliyenilea nilipokuwa nasoma mjini. Mdogo wangu aliyeko kiwandani Nyakato mwambie ajibu ujumbe wangu, asijifanye ana shughuli nyingi. Wifi yangu, mke wa Masanja, mpe pole ya kulea watoto. Masanja mwenyewe msalimie siku ya kikao, mbele ya watu wote. Mwambie lile shamba ulilonigawia mimi upande wa mtoni, lile ambalo baba wadogo walinuna ulipotamka kuwa ni langu, achukue alime alizeti yake. Simwazimi, nampa. Nalipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa, na sina kingine cha kuweka mahali pa ngitili.

Mwanao,
Kabula