Mkongojo wa Baba Yako

Mama Zita,

Ukitoka misa, ongeza maji kwenye maharage. Nimeenda kupiga picha za kipaimara Msanzi na vijiji vya jirani, nitarudi kesho kutwa.

Ile stendi ya kamera ya chuma nimeiacha. Safari iliyopita ilinichubua bega, na vijijini natembea kwa miguu. Nimechukua mkongojo wa baba yako maana ni mwepesi. Nimeutoboa kichwani, nikatia boliti ya kushikia kamera.

~~Akiuliza, sema hujauona.~~ Hapana, usimdanganye mzee. Mpe mpini wa jembe, na umshike mkono akienda chooni.

Alfajiri alinikuta nautoboa, akadhani namtengenezea. Akaegemea ukuta, akasema, “Asante, mwanangu.”

Nikaitikia.

Baba Zita