Faili Lililokula Memori

Igogo, Mwanza

Marahaba, Neema mjukuu wangu. Mimi sijambo kiasi. Bibi yako, tangu tumzike binti yetu, shangazi yako, hali chochote.

Unasema kompaila, ile programu ya kuutafsiri msimbo kwa lugha ya mashine, inakula memori yote kwenye faili moja kubwa la msimbo, mashine inaganda. Ujanani, nikiandika programu kwenye ofisi moja ya pamba Nyamagana, yalitupata hayohayo. Tuliongeza memori, nayo ikaliwa. Mwenzangu Bwire, ambaye mama yake aliuza dagaa sokoni Mwaloni, akasema gunia likinuka mama hulimwaga, huligawa mafungu mawili, hunusa, kisha fungu linalonuka huligawa tena hadi awapate waliooza. Tukaligawa faili vivyo hivyo, tukiipa kompaila kila nusu peke yake, hadi likabaki jedwali moja refu la majina ya vijiji. Tukalitoa kwenye msimbo, programu ikawa inalisoma kutoka faili la pembeni. Mashine ikatulia.

Majirani wanamwongezea bibi yako uji. Mimi namuuliza habari ndogondogo, fungu kwa fungu: mazishi, wageni, watoto. Anajibu tu, bila chozi. Jana nikataja kitenge cha shangazi yako kilichoko kambani uani. Hapo ndipo akalia, kwa mara ya kwanza.

Leo amekunywa uji kidogo. Kitenge hatujakianua.

Babu yako