Injini ya Pumba ya Kamsamba

Tabita, Lwitiko kaniuza mbele ya Kamsamba nzima!

Ile injini yetu, niliyoichora mimi, inayochoma pumba za mpunga kuendesha mtambo wa kupoza wodi ya wazazi, siku ya kuizindua kamwambia mgeni rasmi: "Ndugu, nimeiunda mwenyewe. Huyu dada ananichomea pumba tu."

Ananichomea pumba! Mimi, mchumba wake!

Akaambiwa aiwashe. Akasukuma gurudumu kabla hewa iliyofungwa ndani haijapata moto. Kimya. Akasukuma tena. Kimya. Akaninong'oneza: "Mwenzangu, nisaidie basi."

Sasa ndiyo nimekuwa mwenzake!

Ningemwacha aumbuke, Tabita. Lakini wazazi walikuwa wanalowa jasho na vichanga vyao. Nikangoja moto ukolee, nikasukuma gurudumu mara moja tu, likazunguka. Ubaridi ukaingia wodini.

Makofi wakampigia yeye, naye akayapokea.