Barua Haina Spika

Timau

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii inayouma masikio. Kifua kinaendeleaje? Na magoti ya Mama? Mimi ni mzima, ila hapa shamba la maua bado wametufungia ndani kwa sababu ya corona. Meneja amesema atakayetoka getini asirudi.

Baba, nakuheshimu, lakini leo utanisikiliza. Jumapili ulinipigia, ukaweka simu kwa spika mbele ya boma lote. "Ongea na huyu mtoto wako, ameharibika. Apige magoti aombe msamaha, ama aende Gachoka kwa shangazi yake akachunge mbuzi." Niliponyamaza ukadhani mtandao umepotea. Mtandao ulikuwepo. Nilikataa. Naandika kwa sababu barua haina spika, na sitaki kukuaibisha mbele ya watu jinsi ulivyotaka nimwaibishe mwanangu Wanja.

Mama aliazima simu ya jirani akanieleza yote. Shule imefungwa, kanisa limefungwa, Wanja akakusanya watoto kwenye stoo ya kahawa, akawaketisha juu ya magunia, akahubiri. Kabla ya kuomba alikohoa kama wewe, mzee wa kanisa, nawe ukaona unachekwa. Ukamchapa mpaka miguu ikavimba. Inaniuma, Baba, na siwezi hata kuja kumpaka mafuta.

Ulisikia alichoomba? "Mungu, fungua geti ya huko kwa maua, mum akuje." Maombi anayoyajua ni yako, pamoja na kikohozi chako. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Tena Mama ameniruhusu nikuambie: alikuwemo kwenye ibada hiyo, nyuma ya mlango, na sadaka yake ya yai. "Na nilisema amina," akaniambia. Wanja amerithi jina la Mama, ndiyo maana wewe mwenyewe humwita "bibi yangu", kama mke wako mdogo. Basi kama kuna wa kupigishwa magoti, anza na bibi yako mkubwa, tuone.

Gachoka haendi. Mama yake ni mimi, hata nikiwa nyuma ya geti. Nisalimie kaka yangu Njeru na ng'ombe wake, na shangazi umwambie atafute mchungaji mwingine.

Jumapili stoo ifunguliwe. Mwambie Wanja aniwekee gunia la mbele, hata likibaki tupu. Na wewe keti karibu naye, umsikie akiomba mpaka mwisho.

Ni mimi binti yako,
Muthoni, mama Wanja