Gari Langu Limelala Ukweni

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa kuna mtu anakuja na pesa kununua kiwanja changu cha Osukuru, na mimi hata sijui kama nataka kukiuza au nataka tu aibu hii iniishe. Mimi ni mtu wa makamo, kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu forodhani hapa Malaba, nina watoto na mke wangu anaitwa Apolot, na kiwanja hicho tulikinunua pamoja ili tujenge tutoke kwenye nyumba ya kupanga, hata matofali yapo palepale, yeye ndiye aliyeyafyatua na kuyachoma pamoja na kaka zake.

Sasa mwaka jana meneja mmoja niliyekuwa namtolea mizigo alikuwa anahama, akaniuzia gari lake, lile kubwa jeusi la Kijerumani, viti vya ngozi, paa linafunguka ukaona mbingu, na bei aliyoitaja ilikuwa sawa na ya kigari kidogo cha kawaida, nikasema Mungu amenikumbuka. Apolot akaniuliza mbona tajiri anauza bei ya chini hivyo, nikamwambia mambo ya magari aniachie mimi.

Mshauri, tangu siku ile sikupumzika. Taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, fundi anabadilisha sensa, taa inazima, keshokutwa inawaka nyekundu, na oili yake si hii inayouzwa kila duka, matairi mpaka Kampala, breki mpaka Nairobi tena kwa kuagiza, na mafuta linakunywa kama fahali aliyetoka kiangazi. Fundi wangu Odwori aliniambia wazi, "Mzee, hii gari haitaki spana, inataka kompyuta, na hiyo kompyuta mimi sina." Lakini nikipita nalo mpakani madereva wa malori wananiita bosi, na mimi napenda, siwezi kukudanganya, na ukoo wote ukajua Othieno ana gari, kila msiba ni mimi, kila harusi ni mimi, na mtu wa kuuliza mafuta hayupo.

Ndipo tukaenda ukweni, Sikuda, kupeleka shukrani, nikapakia shangazi zangu wote, magunia ya sukari, kreti za soda na saruji ya baba mkwe, na ile barabara ya huko unaijua mwenyewe. Hatujafika, gari likatoa pumzi ndefu, likashuka karibu tumbo liguse ardhi. Kumbe halina springi za chuma, linabebwa na mifuko ya hewa, na mifuko imepasuka, kisha injini nayo ikazima ikagoma kabisa. Shemeji yangu Ilukor akaja na ng'ombe wake wa kulimia, akawafunga nira, wakalivuta mpaka ndani ya ua wa mama mkwe, mimi nimekaa kwenye usukani na suti yangu, shangazi zangu wanatembea nyuma wakipiga vigelegele. Odwori alipokuja akashika kichwa. "Gari ya otomatiki mmevuta na ng'ombe, matairi chini, safari yote hiyo? Mzee, sasa na giaboksi mmeua."

Tangu hapo lipo kule, mbele kabisa ya mlango wa jiko la mama mkwe. Na mila zetu unazijua, mkwe halali ukweni, wala hakutani na mama mkwe ovyo ovyo. Yule mama hapiti tena mbele ya jiko lake, akitaka kuni anazunguka nyuma ya nyumba, na juzi Ilukor amenipigia simu, "Shemeji, mama anasema hii gari ni kama wewe mwenyewe. Anauliza ni mkwe gani huyu analala kwa mlango yangu kila siku. Shemeji, mama sasa anatoka jikoni kwa dirisha!" Na mimi siwezi kwenda kulala chali chini ya gari mama wa watu akiniona miguu, na Odwori anasema giaboksi pamoja na hiyo mifuko ya hewa, ukijumlisha na kazi, ndiyo bei ya kiwanja.

Na jambo ninaloona haya kuliko yote ni hili, tangu gari lilale kule, mimi ninalala. Simu za misiba zimekatika, kazini naenda kwa bodaboda, jioni narudi na nyama, na Apolot ameanza tena kucheka akinipakulia chakula. Nimefarijika, mshauri, na faraja yenyewe inanitisha, kwa sababu ni mwanamume gani anafurahi gari lake likifa? Wenzangu wa forodhani wananiambia mtu akishapanda hashuki, watu watanicheka na wateja watanikimbia. Je, niuze kiwanja nilifufue, au nifanyeje?

Othieno, Malaba

MSHAURI ANAJIBU

Othieno ndugu yangu, pole sana. Hiyo ndiyo pole yako, ipokee vizuri, maana sasa nakugombeza.

Bei ya gari lile ilishuka kwa sababu lilizeeka, lakini bei ya vipuri vyake haikuzeeka pamoja nalo. Ukinunua gari la tajiri kwa bei ya maskini, bado utalitunza kwa bei ya tajiri. Yule meneja hakukuibia. Alikuwa amechoka, akakuuzia uchovu wake ukiwa umeoshwa na kupakwa nta. Mkeo aliliona hilo siku ya kwanza, akakuuliza swali moja tu, nawe ukamnyamazisha. Wahenga walisema rahisi ghali, wewe ukaona wanasema juu ya nyanya.

Sikulaumu kwa kulipenda. Viti vya ngozi hata mimi navipenda, na nikipewa lifti ndani ya gari kama lile naomba tupitie sokoni watu wanione. Lakini hao madereva waliokuwa wanakuita bosi, kuna hata mmoja aliyekununulia tairi? Na hao wateja unaoogopa watakukimbia, wao wanataka mizigo yao itoke mapema. Hakuna anayeuliza ajenti wake amefika kwa usafiri gani.

Sasa hiyo faraja inayokutisha. Acha kuiogopa. Mtu akitua gunia hupumua, hata kama lilikuwa gunia la sukari. Unalala, unaleta nyama nyumbani, mkeo anacheka, halafu unaniuliza kama uuze kiwanja ili mambo yarudi yalivyokuwa! Moyo wako umeshaamua zamani, ulikuwa unangoja mtu akupe ruhusa. Mimi nimekupa.

Basi sikiliza. Gari hilo hulitengenezi. Gari la umri huo ni kama mzee wa baridi yabisi, ukilitibu goti litalalamika nyonga. Wapo watu Malaba na Busia wanaonunua magari ya namna hiyo kwa ajili ya vipuri, na milango, taa, vioo na hivyo viti vyako ni mali kwao. Waite zaidi ya mmoja, usishike bei ya kwanza, na usikubali liondoke kabla umiliki haujahamishwa, lisije likafanya makosa barabarani kwa jina lako. Anayelinunua alibebe juu ya lori, gharama iwe yake. Ng'ombe wa Ilukor waache wakalime.

Wewe mwenyewe usiende. Mtume mjomba wako, ashirikiane na Ilukor, na wawaulize wazee wa upande wa mkeo mama anaombwaje radhi kwa jambo kama hili. Kama ni mbuzi, ni mbuzi. Usijitungie utaratibu wako, umeshajitungia vya kutosha. Mama wa watu apate mlango wake.

Pesa itakayopatikana igeuke mabati na saruji kabla haijapata mawazo mengine. Siku ukitaka gari tena, tafuta lile ambalo vipuri vyake vinaning'inia kila duka pale Busia, ambalo Odwori analifungua kwa spana yake, na ulikague asubuhi kabla halijawashwa, uone kama limesimama vile lilivyoachwa jana. Kisha jiulize kama unaweza kulitunza, maana kulinunua umeshathibitisha kwamba unaweza. Na ukoo ukipiga simu ya msiba, toa rambirambi kama watu wengine, upande bodaboda uende ukalie na wenzako.

Limebaki la kiwanja. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniambia mlikinunua pamoja, umeniambia nani alichoma matofali, umeniambia mpaka fundi alisema nini na mama mkwe anapitia wapi. Hakuna mahali ulipoandika kwamba Apolot anajua kuhusu Ijumaa. Hajui, sivyo? Anacheka jikoni na wewe umeketi na siri ya kumuuzia nyumba yake.

Kiwanja hakiuzwi. Mpigie huyo mnunuzi leo, kabla hujalikunja gazeti hili, umwambie asije, na unapompigia, Apolot awe amekaa karibu yako anasikia. Atakasirika. Mwache akasirike mpaka achoke, usimkatize, maana atakuwa anakasirikia kiwanja ambacho bado anacho.